MTEJA HATAKI MENO, ANATAKA NENO

"HAMNA!" Ukishaishi mjini miaka miwili mitatu, neno hili unalijua kuliko jina la mjumbe wako wa nyumba kumi. Unaingia dukani, hujamaliza hata kutaja unachotaka, mhudumu ameshalitamka huku macho yake yako kwenye simu. Hajatazama rafu, hajakutazama wewe. Basi unatoka zako kinyonge. Ukifika duka la tatu unakikuta kitu kile kile, tena kimejaa tele, na anayekiuza anakuambia, "Mbona hapo jirani wanavyo?"

Wengine wao ni "Chenji sina". Wengine "Subiri kidogo", halafu huyo anayekuambia usubiri anachukua sahani yake ya chipsi na kupotelea nyuma ya pazia. Wengine ndo wale mabingwa wa "Njoo kesho", na kesho yao haina tarehe.

Wenye biashara nao wamevisikia vilio hivi. Dawa waliyoipata ni karatasi ukutani, MTEJA NI MFALME, na amri moja kwa vijana wao: chekeni na wateja! Ndipo siku hizi unaingia mahali unapokelewa na meno thelathini na mawili, lakini shida iliyokupeleka inabaki pale pale. Unachekewa, unaitwa "mpendwa", na chenji yako hupati.

Mpenzi msomaji, mimi nimesimama pande zote mbili za kaunta. Miezi minane niliuza kanga na vitenge katika duka la mtu Kariakoo kabla sijaanza kuandika, na upande wa pili nimekuwa mteja kama wewe tangu nilipoanza kutumwa chumvi. Ninachotaka kusema wiki hii ni kwamba meno ni mapambo tu. Mteja anachokitaka kwa mhudumu ni neno: ukimwambia kipo, kiwepo; ukimwambia saa kumi, iwe saa kumi; ukimwambia rangi haitoki, isitoke.

Na ninaliandika hili zaidi kwa ajili yako wewe kijana uliyemaliza shule, cheti kiko kabatini, na kazi inayokuita kwanza ni ya kaunta, ya trei, ya mkasi au ya kukusanya nauli. Usiione ndogo. Ukiijua inavyokwenda, ni mtaji ambao hakuna wa kukunyang'anya.

MUUZAJI ALIPOKUWA MFALME

Kabla hatujawalaumu wahudumu wa leo, tukumbushane tulikotoka. Wazazi wetu wanasimulia kwamba kuna wakati hapa nchini mfalme alikuwa muuzaji mwenyewe. Mwaka 1976 ilipitishwa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa na ya ushirika yakachukua nafasi yake. Mikoani bidhaa zilipitia kwenye yale makampuni ya biashara ya mkoa, RTC. Ikaja Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zikaadimika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 80 sabuni, sukari na dawa ya meno vilikuwa vitu vya kupangiwa foleni tangu alfajiri. Watu waliweka mawe na vikapu kwenye mstari ili nafasi isipotee.

Sasa fikiria, katika hali hiyo nani atamchekea nani? Aliyekuwa na ufunguo wa stoo alisalimiwa mpaka na wasiomjua. Mteja ndiye aliyejipendekeza. Akijibiwa "hamna" aliondoka na kusema asante.

Mambo yalianza kugeuka pale bajeti ya 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa nje. Rafu zikajaa, mitumba ikarudi, maduka yakaota kila kona. Lakini kubadilisha rafu ni kazi ya mwaka mmoja; kubadilisha mdomo inachukua umri wa mtu. Ile "hamna" ya kwenye foleni bado tunayo, wakati siku hizi vitu vipo na duka lingine liko hatua ishirini tu. Hapo ndipo tunapojiponza. Mhudumu anajibu kama mwenye RTC, na mteja anahama kama mwenye simu.

NENO LIMEANDIKWA UBAVUNI

Kama hunielewi ninaposema neno, nenda kituoni ukatazame daladala. Daladala zilihalalishwa Dar es Salaam mwaka 1983, baada ya mabasi ya UDA kuelemewa na watu kujibanza kwenye yale magari yaliyoitwa chai maharage. Jina lenyewe lilitokana na nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo watu wa mjini waliiita "dala". Tangu wakati huo abiria na konda wanagombana, na tukisema kweli, ugomvi wao mara nyingi si wa lugha chafu.

Abiria wa Mbagala amezoea kubanwa, amezoea kuitwa "anti sogea nyuma, nyuma kweupe!" wakati nyuma hakuna hata pa kuweka kisigino. Yote hayo anayameza. Kinachomtoa povu ni gari lililoandikwa ubavuni linakokwenda kuishia njiani, konda anagonga bati na kutangaza, "Mwisho wa gari, tushuke!" Pale neno limevunjwa, tena neno lililoandikwa kwa rangi. Konda huyo hata akicheka mpaka magego yaonekane, hatasamehewa.

Halafu yupo konda mwingine, uso wa mbuzi, hajawahi kuonekana akicheka tangu anunuliwe sare. Lakini ukimwambia "nishushe Mtongani", unashushwa Mtongani. Ukimpa elfu tano anasema, "Chenji yako naikumbuka," na kabla hujafika anakuletea bila kudaiwa. Mwanafunzi hamfukuzi mlangoni. Konda huyo watu wanamsubiri. Wanaacha gari lililo tupu wapande lake.

Kumbe wataalamu nao waliliona hilo. Watafiti watatu wa Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walichunguza wateja wa mabenki, wa kadi za mkopo na wa mafundi wa matengenezo, na kati ya 1985 na 1988 wakaandika kwamba mteja anapima huduma kwa vitu vitano. Kwanza, je, mnatimiza mlichoahidi? Pili, je, mna wepesi wa kusaidia? Tatu, je, mnajua kazi yenu na adabu yenu inanipa imani? Nne, je, mnanijali mimi kama mtu? Tano, je, mahali penu na mavazi yenu yanapendeza? Walipouliza kipi kinatangulia, jibu lililorudi tena na tena lilikuwa la kwanza, kutimiza. Lililoshika mkia ni la tano, mapambo. Nasi huku tunaanza na mapambo! Tunashonewa fulana zinazofanana, tunawekewa kiyoyozi, halafu mteja anaambiwa njoo kesho.

SALAMU YA MTU NA UMRI WAKE

Sasa usije ukanielewa vibaya ukadhani nawatetea wenye nyodo. Kumjali mtu kuna nafasi yake, na kwetu sisi kunaanza na salamu. Mzungu anaweza kuingia dukani, akataja kitu, akalipa, akatoka, na wote wakaona sawa. Mswahili asiposalimiwa anajiona hajaonekana. Hata kama una wateja sita mbele yako, ukimtupia wa saba jicho na kusema, "Karibu mama, nakuja kwako sasa hivi," atasubiri. Ukimnyamazia, dakika mbili kwake ni saa nzima.

Tatizo la vijana wengi ni kuchagua jina. Pale Kariakoo tulifundishwa kumwita kila mtu "mamii", "mrembo", "bosi wangu". Akaingia bibi mmoja na kanga zake mbili, kijana mwenzangu akamrukia, "Karibu mrembo!" Bibi alimtazama toka juu hadi chini, akamwuliza, "Mwanangu, mama yako nyumbani unamsalimu hivyo hivyo?" Pakawa kimya. Jirani yangu akatoka mbio, "Shikamoo bibi, karibu, kaa hapa kwenye kigoda." Bibi akakaa. Alinunua doti nne.

Ni kitu kidogo, lakini ndicho kinachotofautisha mhudumu na kasuku. Mtu mzima shikamoo kwanza, biashara baadaye. Wa rika lako "mambo" inatosha. Mama aliyebeba mtoto mgongoni, mpe pa kukaa kabla hujamwonyesha bei. Na usimwite mke wa mtu "bebi" mbele ya mumewe ukategemea kuuza!

Mwalimu bora wa somo hili simjui mwingine zaidi ya mama lishe. Huyu tulimwita mama ntilie kwa sababu watu walikuwa wakimwambia "mama nitilie", nitilie mchuzi, nitilie maharage. Hajaenda semina hata moja. Lakini anakumbuka kwamba fundi seremala hali pilipili, kwamba dereva wa bajaji anapenda ukoko, kwamba yule mlinzi jana alikuwa na homa. "Umeamkaje leo baba, umepata nafuu?" Anauliza huku anapakua. Mlinzi yule hata kukiwa na mvua atatembea na mwavuli kumfuata.

JUA UNACHOUZA

Kauli nzuri bila ujuzi ni sawa na chai ya rangi isiyo na sukari. Inapasha moto, haishibishi. Mteja anapokuuliza swali, ana haki ya kutegemea kwamba wewe unayeshinda na mali hiyo unaijua kuliko yeye.

Wiki ya kwanza dukani, mama mwenye mali alituketisha chini akatufundisha. Kanga huuzwa kwa doti, na doti ni vipande viwili, lazima usome jina lake kabla ya kumkabidhi mteja. Kwa nini? Kwa sababu kanga inasema. Mtu anataka kumtuza mama mkwe wake, wewe unamfungia kanga yenye maneno ya kusutia, harusi ya watu inaharibika kwa uvivu wako wa kusoma. Kitenge nacho kina vyake: hiki rangi imeingia pande zote mbili, hiki imepigwa upande mmoja, hiki ukifua mara ya kwanza usichanganye na nyeupe. Mteja aliyeambiwa ukweli huo hakimbii. Anarudi na shoga zake wawili.

Ukienda kwenye simu ni hivyo hivyo. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima, na watu wengi walilala na simu wakaamka na vibao vya kukatia nyanya. Tangu hapo kijana anayeuza simu akijua kazi yake, anaibonyeza *#06# mbele ya mteja, namba zinatokea kwenye kioo, anazilinganisha na zilizo kwenye boksi. Anafanya kabla hajaombwa. Dakika moja tu hiyo, lakini mteja anatoa pesa moyo ukiwa umetulia.

Na kama hujui? Sema hujui! "Kaka, hilo sina hakika nalo, ngoja nimuulize fundi." Hakuna mteja aliyewahi kumchukia mtu kwa jibu hilo. Wanachochukia ni kujibiwa kwa kujiamini na mtu anayebahatisha. Hasa kwenye duka la dawa. Wauzaji wa yale maduka ya dawa muhimu, ambayo majaribio yake yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, hupewa mafunzo kabla ya kuruhusiwa kusimama pale, kwa sababu kubahatisha kwenye kitenge kunaharibu nguo, kwenye kidonge kunaua.

CHENJI NA SIRI

Kuna mambo mawili ambayo mteja haombi kwa mdomo ila anayategemea kama anavyotegemea jua kuchomoza. Moja ni hesabu yake, la pili ni siri yake.

Tuanze na chenji. Mia mbili ya mtu si bazoka. Mteja akikubali peremende badala ya mia mbili yake si kwamba ameridhika, ni kwamba amechoka kubishana. Mwenye kaunta anayejua biashara anafungua duka akiwa na sarafu, na kama hana, anasema kabla ya kupokea noti: "Dada, chenji ya elfu kumi sina, una ndogo?" Kusema kabla ni uungwana, kusema baada ya pesa kuingia droo ni ujanja. Risiti nayo ni neno, sema limeandikwa kwenye karatasi. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na ule wito wa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" tumeusikia mpaka watoto wanauimba. Mteja mwenye risiti akirudi na pasi iliyokufa siku ya pili, mpokee. Usimwonyeshe kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" kana kwamba ni aya ya msahafu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na kibao hakisafishi uongo.

Sasa siri. Huduma ya pesa kwa simu ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilizaa ajira mpya kabisa mjini, wakala. Vijana wengi wameanzia pale kwenye kibanda na mwavuli. Sheria ya kwanza ya wakala ni kutomuuliza mteja namba yake ya siri, hata awe bibi asiyeona vizuri. Mwelekeze, geuza uso, aibonyeze mwenyewe. Ya pili, usitangaze kiasi. "Mama umesema laki tatu?" unapaza sauti wakati pembeni pana vijana watano wamekaa kijiweni, si umeshamchongea?

Duka la dawa ndo usiseme. Kijana amezunguka mara tatu akingoja watu wapungue, hatimaye anasogea na kunong'ona. Dada anageuka na kuita mwenzake aliye stoo, "Wee, kondomu zimebaki bei gani?" Duka zima kimya, kijana anatamani ardhi ipasuke. Hatorudi, na pengine hatonunua tena popote. Hapo mhudumu hajapoteza shilingi mia tano, amehatarisha afya ya mtu. Aliyenong'ona, mnong'oneze.

AKIWAKA, WEWE USIWAKE

Siku itafika mteja ataingia amefura. Nguo imechanika, chakula kimechelewa, pesa imekwenda namba nyingine. Biashara haigombi, wazee walisema, lakini hawakutuambia tufanyeje. Mimi nilichojifunza pale dukani ni mambo manne, kwa mpangilio wake.

Kwanza, mwache aseme mpaka amalize. Hasira ni kama maji ya chooni, ukiyaziba yanarudi. Pili, mwambie pole. Wengi wanaogopa kusema pole wakidhani wamekubali kosa. Hapana! Lugha yetu imetupa maneno mawili. Samahani ni ya aliyekosa. Pole unaweza kumpa hata mtu aliyejikwaa barabarani bila wewe kumsukuma. Pole haina gharama, haina shahidi, haina kesi, na inapunguza nusu ya moto. Tatu, sema utakachofanya na lini: "Pesa hii tunawapigia wa huduma kwa wateja sasa hivi, tuko wote hapa mpaka wajibu." Nne, lifanye. Usipolifanya hilo la nne, yale matatu yote yamekuwa usanii, na mara ya pili atakuja na ndugu zake.

Kama huwezi kutatua, usimzungushe. Kumwambia mtu "hili liko juu ya uwezo wangu, anayeweza ni meneja na anaingia saa nane" ni huduma nzuri kuliko "subiri" ya saa tatu.

MFALME NAYE ANA MIPAKA

Hapa sasa nageuka upande wa pili, wateja na mabosi mnisikie. Huyu mhudumu tunayemtaka mwaminifu, mjuzi, mpole na mwepesi, sisi tunampa nini?

Mteja ni mfalme, sawa, lakini mfalme asiye na adabu watu humpindua. Dada anayehudumia baa ameajiriwa kuleta vinywaji na hesabu sahihi. Hakuajiriwa kushikwa kiuno. Kuna wanaume wakishakunywa mbili wanadhani bei ya bia imejumuisha na mkono wa aliyeileta, dada akikunja uso wanamwita meneja, "Huyu binti wako ana dharau!" Meneja badala ya kumtetea anamwambia achangamke. Nawakumbusha tu kwamba tangu ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kumsumbua mtu kingono kwa maneno au vitendo ni kosa la jinai, na sheria haikusema "isipokuwa baa". Dada anayeutoa mkono wa mteja begani kwake na kusema "kaka, mimi nahudumia, hayo mengine hapana" hajavunja heshima ya kazi. Ameilinda.

Bosi naye. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kuhusu wahudumu wa ndege na akaonyesha kwamba kuchekea watu kutwa nzima ni kazi, inachosha kama kubeba magunia, tofauti ni kwamba jasho lake halionekani. Sasa mtu asimame kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, hajapewa nafasi ya kula, mshahara wa mwezi uliopita ana nusu, halafu umtake acheke? Atacheka, ndiyo. Lakini macho yatakuwa yanasema mengine.

Na lile la "shoti" ndo limewaumiza vijana wengi. Jioni hesabu haikukaa sawa, bosi anakata kwenye mshahara bila kuuliza. Pale nilipokuwa, mwenzangu mmoja alikatwa zaidi ya nusu ya mshahara wake kwa ajili ya kitambaa kilichopotea siku ambayo hakuwepo kabisa kazini. Alilia, akaondoka, na wateja wake wakaondoka naye. Kijana, jua haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata hasara hivi hivi. Lazima iwe umeisababisha wewe ukiwa kazini na ni kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza, isizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wako wa fedha. Akikaidi, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Bosi anayetaka vijana wake watimize neno kwa wateja, na yeye atimize la kwake mwisho wa mwezi.

WATEJA WANAMFUATA MTU

Nimalizie na faida yako wewe. Tazama dada wa saluni akihama. Anatoka Sinza anahamia Tabata, hana tangazo, hana kibao. Wiki ya pili wale wale waliokuwa wakimfuata Sinza wamepanda magari mawili kumfuata Tabata. Hawakufuata kioo, vioo viko kila mahali. Wanamfuata yule aliyewaambia saa nane akawa tayari saa nane, aliyesema "dawa hii kwa nywele zako itazikata, tusitie" akajinyima pesa siku ile. Kinyozi ni hivyo hivyo, fundi cherehani ndo zaidi, kwa sababu mafundi tunawajua kwa "bado kifungo tu", na anayemaliza kabla ya Idi au Krismasi anatajwa mtaa mzima.

Kwa hiyo unapokwenda kuomba kazi ya kaunta, usijiulize kama una sura ya mvuto au Kiingereza cha puani. Jiulize: nikiahidi, natimiza? Nikishika pesa ya mtu, inarudi kamili? Nikisikia siri, inakaa? Nisipojua, naweza kusema sijui? Mkubwa wangu kiumri namsalimu inavyostahili? Kama majibu ni ndiyo, nenda, utajifunza mengine humo humo. Na daftari la namba za wateja wako lianze siku ya kwanza. Yule jirani yangu aliyempa bibi kigoda alikuwa nalo. Leo ana meza yake mwenyewe ya kanga, na bibi yule bado ni mteja wake.

Wewe nawe ukiwa mteja, ukihudumiwa vizuri sema asante, tena mbele ya bosi wake. Hilo nalo ni neno.